Uzito wa Ulimi

Mejumaa hakunisalimu.
Alilisimamisha trela nje ya karakana, Shimanzi,
nyuma ya ghala la magunia,
akaubamiza mlango wa pikapu
hata kioo kikashuka chenyewe.

"Daraja la Nyali, nilipofika sitini,
boti hii ilitaka kunipita.
Mkia kushoto, mkia kulia,
kama mlevi aliyeitwa na watu wawili."

Nikaazima mizani ya Kombo muuza makaa.
Kwanza niliijaribu kwa mfuko wa saruji:
hamsini ya kiwandani, yeye akasoma hamsini na mbili.
Nikanyamaza.
Nikaiweka chini ya ulimi wa trela,
kigogo juu ya mizani, ulimi juu ya kigogo.
Sindano ikapanda hadi arobaini, ikachoka.

Boti na chuma chake ni kilo elfu na mia.
Ulimi wataka mia na kumi, hapo hapo.
Ukizidi, pikapu yachutama nyuma, usukani wawa mwepesi.
Ukipungua, boti ndiyo dereva.

"Nani kaweka nanga nyuma?"
"Mimi. Mbele nilipakia viti vya harusi."
Nyuma pia mashine, madumu mawili ya petroli,
sanduku la barafu lenye maji ya juzi.
Tukamwaga, tukahamisha,
tukalegeza nguzo ya winchi,
tukaivuta boti mbele shibiri mbili na nusu.
Mia na kumi na mbili.
Toa mbili za Kombo.

"Basi tumemaliza?" Akacheka, mara ya kwanza.
Ningeweza kusema ndiyo.
Watu husema ulimi hauna mfupa;
huu wa trela ni mfupa mtupu,
na bado nilikuwa na wangu.

"Endesha hadi mwisho wa ghala, funga breki, rudi."
Akarudi.
Nikasogeza kiganja kwenye ngoma ya kulia:
moto, chuma cha chapati.
Ya kushoto:
baridi, nguzo ya msikiti alfajiri.

Nilijua kabla ya kulala chini.
Nililala hata hivyo, tochi mdomoni,
maana mtu huhitaji muda.
Bomba la mafuta ya breki limekunjwa,
limefungwa waya,
na juu ya mkunjo alama za koleo
lenye jino moja lililovunjika.
Koleo langu.

Ramadhani iliyopita silinda ilivuja,
kipuri hakikufika, nilikuwa na njaa, jua lilikuwa limetua.
Nikalikunja bomba. Nikamwambia, "Tayari, dada."
Neno hilo ungeliweka kwenye mizani,
sindano isingetikisika.

Nikatoka chini, vumbi mgongoni.
"Mejumaa. Gurudumu moja tu ndilo limekuwa likikushikia,
mwaka mzima. Ni mimi."
Alinitazama muda wa lori mbili kupita.
Kisha akakunja mikono ya buibui.
"Haya. Nishike wapi?"

Silinda mpya. Viatu vya breki vimelika upande,
chumvi imevifunika kama sukari ya kaimati.
Mafuta ya zamani yalitoka meusi, yakanuka kuungua.
Yeye kwenye ulimi na gongo la mti, mimi kwenye nati:
"Sukuma! Shika hapo! Achia!"
Povu. "Sukuma!"
Povu. "Shika!"
Povu dogo.
Kisha mafuta matupu, safi, kimya.

Akaenda mwisho wa ghala, akarudi,
akashuka mwenyewe kuzigusa ngoma
kwa mgongo wa mkono, kama apimavyo homa ya mtoto.
Kulia. Kushoto. Tena kulia.
Hakulipa ufundi, nami sikudai.

Jioni Kombo akaja kuchukua mizani yake,
akaifuta grisi kwa kanzu kuukuu.
"Hujaiharibu?"
"Yazidisha kilo mbili," nikasema.
Akageuka haraka kutazama barabarani,
kama kuna mteja amesikia.